Tabibu, Niulize Kuhusu Ng'ombe Wangu

Nazungumza na wewe uliyeko Babati mjini unafunga duka, wewe uliyeko stendi unasubiri gari la Singida, na nyinyi mnaotusikiliza kutoka Magugu, Dareda, Galapo, Bonga na Bashnet.

Leo nataka tuzungumze juu ya maongezi yanayofanyika kwenye chumba cha tabibu kabla kidole hakijatobolewa na kabla karatasi ya maabara haijaandikwa. Mgonjwa anasema nini? Anaulizwa nini? Na je, anaachwa amalize?

Naomba nikuulize. Mara ya mwisho ulipokwenda kutibiwa, ulipokaa kwenye kile kiti, neno lako la kwanza lilikuwa lipi? Wengi wetu tunasema hivi: "Daktari, nimekuja kupima malaria, taifodi na UTI." Basi. Tumeshajitibu wenyewe njiani, tumefika na jina la ugonjwa mkononi. Na tabibu naye ana foleni imefika mpaka nje kwenye benchi, anaandika vilevile kama tulivyosema. Mgonjwa anakwenda maabara, anarudi na majibu, anapitia dirisha la dawa, anakwenda nyumbani. Hakuna aliyeuliza shida ilianza lini. Hakuna aliyeuliza unafanya kazi gani, unakunywa maji ya wapi, nyumbani mnafuga nini.

Mimi naamini, na leo nitalirudia hili mara kadhaa, kwamba maelezo ya mgonjwa ndiyo kipimo cha kwanza. Maabara hujibu kile tu ilichoulizwa. Ukiiuliza malaria, itakujibu malaria ipo au haipo. Haitakwambia kwamba huyu mtu anaumwa kitu kingine kabisa.

Mwaka 1975 madaktari wa Nottingham, Uingereza, wakiongozwa na Hampton, walichapisha utafiti wao juu ya wagonjwa wapya 80 waliofika kliniki ya wagonjwa wa nje. Daktari alisoma barua ya rufaa, akamsikiliza mgonjwa, kisha akaandika anadhani ni ugonjwa gani, kabla hajamgusa na kabla ya kipimo chochote. Baadaye walipolinganisha na jibu la mwisho, wagonjwa 66 kati ya wale 80 ugonjwa wao ulikuwa umeshajulikana kwa barua na maelezo tu. Na hao walikuwa na maabara na mashine za kila aina. Sasa sisi ambao zahanati zetu nyingi zina vipimo vichache, si ndio tunaopaswa kusikiliza zaidi?

Tuje karibu na nyumbani. Watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi, kati ya mwaka 2007 na 2008. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 528 waliandikiwa kwamba wana malaria. Walipopimwa kwa umakini wa kitafiti, wenye homa iliyoletwa na malaria walikuwa 14. Narudia, msikilizaji: 528 waliandikiwa malaria, wenye malaria kweli ni 14. Wengine walikuwa na nini? Zaidi ya robo ya wale waliopimwa magonjwa ya wanyama walikutwa na vijidudu vinavyotoka kwa mifugo, panya na kupe. Kulikuwa na ugonjwa wa kutupa mimba, ule wataalamu wanaouita bruselosisi. Kulikuwa na leptospirosisi, na homa ya Q, na homa za kupe.

Sasa nikuulize wewe wa Babati. Moshi ni mji. Sisi huku tumezungukwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo pande zote. Kama Moshi ni hivyo, huku kwetu tabibu asiyeuliza habari za mifugo anakosa mangapi?

Tuchukue mzee mmoja. Hana jina, kwa sababu nimemtengeneza kutokana na wazee wengi ninaowafahamu. Ameingia chumbani, amevua kofia, amekaa. Sikilizeni mazungumzo yake na tabibu kijana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Pole na safari. Haya mzee, hebu niambie, nini kimekuleta leo?"

"Homa, daktari. Inakuja, inaondoka. Usiku natoka jasho mpaka shuka linalowa. Na huu mgongo, na magoti."

"Ehe."

Hapo tabibu ananyamaza. Ameweka kalamu chini, anamtazama mzee. Na mzee anaendelea mwenyewe.

"Nimeshapimwa malaria sehemu nyingi. Wanasema hakuna, halafu wananipa dawa. Napata nafuu kidogo, inarudi."

"Pole sana mzee wangu. Ilianza lini?"

"Aa, siku nyingi."

"Ilipoanza, mbaazi mlikuwa mmeshavuna?"

"Bado. Zilikuwa kwenye maua."

"Nyumbani mnafuga?"

"Ng'ombe wachache, na mbuzi."

"Hawajambo?"

"Hawajambo. Ila mwaka huu wawili wametupa mimba."

"Nani aliwahudumia?"

"Ni mimi. Vijana wote wako mjini."

"Kwa mikono hivihivi, bila kujikinga?"

"Ndiyo, kwa mikono."

"Na maziwa mnayatumiaje pale nyumbani?"

"Tunagandisha. Kuchemsha yanapoteza ladha."

Tuishie hapo. Mmesikia maswali mangapi? Machache mno. Mmesikia mashine yoyote? Hakuna. Lakini tabibu huyu sasa ana homa ya muda mrefu inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na magoti, ng'ombe waliotupa mimba, mikono mitupu na maziwa yasiyochemshwa. Hajathibitisha kitu bado, na damu lazima ipimwe. Ila anajua aiombe maabara ipime nini. Na ikithibitika ni ule ugonjwa wa kutupa mimba, mzee atapewa dawa mbili kwa pamoja kwa muda wa wiki 6 hivi. Ndiyo maana zile dawa za siku chache alizokuwa anapewa zilimpa nafuu kisha homa ikarudi.

Tazameni pia lile swali la mbaazi. Mzee aliposema "siku nyingi", tabibu hakumkaripia wala hakuandika "siku nyingi" na kuendelea. Alimrudisha kwenye shamba lake. Mkulima wa Babati anakumbuka mvua za vuli, palizi, mavuno ya mahindi, alizeti na mbaazi. Mwingine atakumbuka Pasaka au Idi, mwingine atakumbuka mtoto alikuwa darasa la ngapi. Vijana wetu mnaosomea utabibu, msing'ang'anie tarehe. Ulizeni msimu.

Na jambo hili la wanyama lisichukuliwe kama la Moshi na Manyara peke yake. Mwaka 2022 kule Ruangwa, mkoani Lindi, watu waliugua homa, kichwa kuuma, uchovu, na wengine wakatokwa damu puani. Nchi nzima tulishtuka, tukafikiri ni ugonjwa mpya. Vipimo vikaonyesha ni leptospirosisi, na Wizara ya Afya ikautangaza kwa jina la homa ya mgunda. Ni ugonjwa unaotoka kwa wanyama, hasa kwa mkojo wao unaoingia kwenye maji na udongo. Ukiwa na mgonjwa wa homa mbele yako na hujamuuliza ameshinda wapi, amekanyaga maji gani, ameshika mnyama gani, hujamaliza kumhoji.

Nimesema ameshinda wapi. Tuseme basi juu ya kazi. Daktari mmoja Mtaliano, Bernardino Ramazzini, mwaka 1700 alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Aliwataka madaktari wenzake waongeze swali moja kwenye yale waliyozoea kumuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Imepita miaka zaidi ya 300 na bado swali hilo linarukwa. Katika mkoa wetu wa Manyara linarukwaje? Tuna Mererani kule Simanjiro. Kijana wa Babati anakwenda kuwa mwanaapolo, anashinda chini ya ardhi kwenye vumbi la mwamba akitafuta tanzanaiti, miaka inapita, anarudi nyumbani, anafungua kibanda. Akija na kikohozi akiulizwa kazi atasema, "Mfanyabiashara." Hajadanganya. Lakini vumbi la mgodini limebaki kwenye mapafu, na mapafu yenye vumbi hilo ni rahisi sana kushikwa na kifua kikuu. Kwa hiyo swali la kazi lina sehemu mbili: sasa unafanya kazi gani, na kabla ya hapo ulifanya kazi gani. Vivyo hivyo kwa mama anayelima mpunga Magugu na kusimama kwenye maji ya majaruba, muulize, kwa sababu kichocho huingia kwa kupitia ngozi ndani ya maji. Na mwenye meno yenye madoa ya kahawia na viungo vinavyokakamaa, muulize amekulia wapi, amekunywa maji gani na kama mboga wanapikia magadi, maana ukanda wetu huu wa kaskazini una floraidi nyingi katika maji, na magadi yanaweza kuiongeza.

Najua sasa hivi yuko tabibu ananisikiliza na moyoni anasema, "Wewe unaongea tu, njoo uone foleni yangu." Nakuelewa ndugu yangu, tena sana. Foleni ni ndefu na wewe ni mmoja. Lakini nisikilize na mimi.

Mwaka 1984 Marekani, watafiti wawili, Beckman na Frankel, walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa. Walikuta kwamba, kwa wastani, mgonjwa aliachwa aongee sekunde 18 kisha akakatishwa. Sekunde 18! Hata salamu zetu za hapa Babati haziishi kwa muda huo. Sasa mtu anaweza kuuliza, wakiachwa si wataongea mpaka jioni? Mwaka 2002 Waswisi walilijibu swali hilo. Waliwaomba madaktari wanyamaze tu mpaka mgonjwa amalize mwenyewe. Kwa wastani wagonjwa walimaliza katika dakika moja na nusu hivi, na wengi sana, karibu 8 kati ya kila 10, walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili.

Dakika mbili, tabibu wangu. Hizo dakika mbili usipozitoa mwanzoni utazitoa mwishoni, mgonjwa ameshasimama, ameshika mlango, ndipo anageuka: "Na halafu daktari, kuna jambo lingine..." Na mara nyingi hilo ndilo lililomleta. Ni damu inayotoka asipotarajia. Ni nguvu za kiume. Ni kipigo nyumbani. Alikuwa anakupima kwanza kama unasikiliza.

Kuna namna ya kuuliza inayofunga mdomo na kuna inayofungua. Watu wetu wana heshima. Tabibu akiuliza, "Unameza dawa zako vizuri?", mama wa presha atajibu nini? "Ndiyo, daktari." Angejibuje vingine, mbele ya mtu mwenye koti jeupe anayeonekana kusubiri ndiyo? Sasa jaribu hivi: "Mama, watu wengi dawa hizi huwapita siku nyingine, kwa safari au kwa shughuli. Wewe wiki hii zimekupita mara ngapi?" Utaona anatabasamu, kisha anakwambia ukweli kwamba ziliisha tangu Jumatatu na nauli ya kuzifuata haikuwepo.

Na swali la "unatumia dawa gani?" linahitaji uangalifu wa pekee. Mtu anakwambia hatumii dawa yoyote. Kumbe asubuhi amemeza Panadol ya dukani, jana usiku amekunywa mizizi aliyopewa na mganga, na mkono wake una kijiti cha uzazi wa mpango. Hivyo vyote kwake si dawa za hospitali, kwa hiyo hajakuficha. Vitaje kimoja kimoja, kwa sauti ya kawaida, bila kukunja uso ukifika kwenye mizizi. Ukikunja uso mara moja, hutaambiwa tena, na ini lake linaweza kuharibika wewe hujui kwa nini.

Sasa nije kwenye jambo lililo zito zaidi kwangu, la lugha na heshima za watu wetu. Babati ni njia panda. Hapa kuna Wagorowa, Wairaqw, Wadatoga, Warangi, Wamasai na wengine waliofuata barabara. Bibi kutoka kijijini hajui Kiswahili vizuri, basi anakuja na mjukuu wake wa kiume, kijana wa sekondari, awe mkalimani. Tabibu anauliza, bibi anaongea dakika nzima, anaonyesha kifua, anaonyesha kiuno, anahesabu kwa vidole. Kijana anageuka: "Anasema tumbo linauma." Je, yale mengine yamekwenda wapi? Na tukitaka kumuuliza bibi habari za damu ya ukeni, atamwambia mjukuu? Hatamwambia kamwe. Atasema hapana, nasi tutaandika hapana. Mwite muuguzi anayeijua lugha ya bibi, hata kama ni lazima kusubiri kidogo. Kijana apewe kiti nje, ashukuriwe kwa kumleta bibi yake.

Tena kuna hili, na wengi wanaofika kazini huku kutoka mikoa mingine hawaambiwi. Kwa Wadatoga, mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Ni heshima kubwa, na hata maneno yanayofanana na jina hilo huyakwepa. Sasa mfikirie mama huyo kwenye dirisha la kadi, mtoto mgongoni anawaka homa. Karani anauliza jina la mtoto, mama anataja. Jina la baba, linapatikana. Jina la babu? Kimya. Mnaona? Jina la tatu la mtoto ndilo jina la baba mkwe. Karani anapaza sauti, "Mama, hujui hata jina la ukoo wa mtoto wako?" Foleni nzima inageuka kumtazama. Analijua vizuri kabisa, ila hawezi kulitamka. Kisha huyo mama aliyeaibishwa dirishani anaingia kwa tabibu, na tabibu anashangaa kwa nini hasemi kitu. Karani mwenye kujua haya ataomba kadi ya kliniki ya mtoto asome mwenyewe, au atamwomba ndugu aliyemsindikiza alitaje. Historia ya mgonjwa huanza kwenye dirisha lile.

Na wako wagonjwa ambao hata wakiwa na lugha hawawezi kutoa maelezo yao. Mwenye kifafa hajui kilichompata. Ameamka, ulimi umeumwa, nguo zimelowa. Anayejua ni yule aliyekuwepo, kwa hiyo aje naye: mke, jirani, mwalimu wa darasa. Alianguka ghafla au alilegea polepole? Mkono upi ulianza kutikisika? Macho yalikwenda upande gani? Hospitali ya Haydom, huko Mbulu mkoani mwetu, watafiti walipiga picha za CT za vichwa vya watu 212 wenye kifafa, wakachapisha mwaka 2009. Karibu 18 katika kila 100 walikuwa na dalili za viluwiluwi vya tegu, minyoo ya nguruwe, kwenye ubongo. Sasa tabibu akisikia tegu atauliza, "Unakula nguruwe?" Mgonjwa ni Mwislamu, anasema hapana, swali linafungwa. Kumbe mayai ya tegu hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye minyoo hiyo na kuingia kwenye maji, mboga na mikono. Asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuyameza. Linalotakiwa kuulizwa ni habari za vyoo, maji, na nguruwe wanaozurura pale kijijini.

Muda wetu unakimbia, lakini wewe msikilizaji usiyevaa koti jeupe nina neno na wewe. Kesho ukienda kutibiwa, majina ya magonjwa yaache nyumbani. Anza na jambo linalokusumbua kuliko yote, ulisema kama lilivyo. Ukiwa umekaa kwenye benchi, kumbuka lilianza msimu gani, linazidi wakati gani, umeshalitibu kwa dawa gani. Kila ulichomeza, cha dukani na cha mganga, kitie kwenye mfuko uende nacho. Na usipoulizwa kuhusu ng'ombe, sema mwenyewe: "Daktari, samahani, sisi ni wafugaji, na mwaka huu ng'ombe wametupa mimba." Tabibu mwenye nia njema hatakasirika. Akikukatisha, ngoja amalize, kisha umwambie kwa adabu kwamba kuna jambo bado hujalisema. Una haki hiyo.

Na kama mlango uko wazi na watu wanasikia, omba ufungwe.

Juma lijalo, saa hizi hizi, nitakuwa na maswali yenu kuhusu kifafa, kwa sababu mmeniletea mengi. Mama wa Riroda aliyeuliza kama mtoto wake anaweza kuendelea na shule, usikose kutusikiliza.